Orodha ya Tervuren ifike hadi Kirotshe

Katika ukumbi wa duara wa jumba la makumbusho la Afrika, huko Tervuren karibu na Bruxelles, kuna sanamu ya rangi ya dhahabu. Ni padri mzungu aliyesimama wima, na mtoto mweusi ameshika kanzu yake. Maandishi yake yanasema Ubelgiji inaletea Kongo ustaarabu. Lakini mbele ya sanamu limetundikwa pazia jembamba lenye picha nyingine, na mgeni anaona vyote viwili kwa mara moja. Akisogea kidogo, kimoja kinameza kingine. Macho hayajui tena yashike kipi.

Mapazia hayo ni 16, kwa sanamu 16. Ni kazi ya Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa, pamoja na Mbelgiji Jean Pierre Müller, na yaliwekwa mwaka 2020. Sanamu zenyewe haziwezi kuondolewa kwa sababu jengo linalindwa na sheria ya urithi. Basi wasanii hao wawili wakaamua kuzifunika bila kuzificha.

Kwenye ukuta mwingine kuna majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Hakuna hata jina moja la Mkongomani. Freddy Tsimba, naye wa Kinshasa, hakugusa ukuta huo. Aliandika majina saba kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili. Jua likiwaka, kivuli cha majina hayo kinaangukia juu ya yale ya Wabelgiji. Mawingu yakija, kinapotea. Ni mchezo wa macho, lakini anayeyajua majina hayo hatacheka: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Watu hao saba walikuwa kati ya Wakongomani 267 waliopelekwa Ubelgiji mwaka 1897 kwa maonyesho ya Leopold wa Pili. Walijengewa vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ya kifalme, ili Wabelgiji wapite kuwaangalia. Jumba la maonyesho lilisimama mahali penyewe palipokuwa makao ya Charlotte, dada yake Leopold, yaliyoteketea kwa moto mwaka 1879. Saba walikufa, na makaburi yao yako Tervuren hadi leo, kando ya kanisa. Jengo la makumbusho lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1910, Leopold akiwa amekwisha kufa, na baada ya ukarabati mrefu likafunguliwa tena Desemba 2018.

Kazi za Mpane na Tsimba zinastahili sifa. Lakini pazia halirudishi kitu. Mgeni anatoka pale akijisikia mwepesi kidogo, na vitu vinabaki palepale.

Ni vitu vingi. Februari 2022, Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Juni mwaka huohuo, Mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago kimoja kikubwa cha Wasuku, Kakuungu. Hakukirudisha kabisa: alikiacha kwa mkopo usio na mwisho. Mwenye mali kukopeshwa mali yake, hilo nalo ni kiinimacho, na hakuna pazia la kulionyesha. Mwezi uliofuata Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vilivyochukuliwa isivyo halali wakati wa ukoloni.

Kinshasa angalau ina Makumbusho ya Taifa, yaliyojengwa kwa pesa za Korea Kusini na kufunguliwa 2019. Je, Kivu Kaskazini? Mfupa wa Ishango, wenye mikwaruzo inayosomwa na wataalamu kama hesabu za watu wa kale, ulichimbwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin kwenye Ziwa Edward, palepale mto Semuliki unapoanzia. Uko Bruxelles. Mwanafunzi wa Kirotshe akitaka kuuona, inabidi apate pasipoti, viza ya Schengen na tiketi za ndege. Kwa familia nyingi za Masisi, hata safari ya kufika shambani imekuwa jambo la kuombea.

Kuna watakaosema: watu wamekimbia vita, wanalala chini ya turubai, nanyi mnaongea vinyago? Ni swali la haki. Hakuna mwenye akili atakayeomba kinyago cha miaka mia kiletwe leo barabara ya Sake. Lakini orodha si kinyago. Orodha ni karatasi, inaingia hata ndani ya simu. Haihitaji walinzi wala umeme wa usiku kucha.

Wizara ya Utamaduni inaweza kuigawa kwa jimbo na kwa teritwari, na kutuma kila sehemu kwa bami, kwa wakuu wa mashule na kwa vyuo vikuu vya Goma. Kitu gani kilitoka kwa Wahunde? Kipi kilitoka kwa Wanyanga wa Walikale? Nani alikichukua, mwaka gani: kilinunuliwa, kilitolewa zawadi, au kilinyang'anywa? Majibu ya sehemu ya mwisho hayatapatikana Tervuren peke yake, wala Kinshasa. Mengine wanayo wazee wa Kirotshe, Masisi na Walikale, ambao bado wanakumbuka kitu fulani kiliitwaje na kilishikwa na nani siku ya kumweka mwami.

Wazee hao nao wanakimbia, na wengine wanafia mbali na kwao. Orodha iko mikononi mwa serikali tangu Februari 2022.