Kuukuu Si Kuvunda

Nimechoka. Nimechoka na kichekesho kile kile kinachojirudia vijiweni, kwenye katuni, na hata katika hadithi tunazoziandika sisi wenyewe vijana. Jamaa ana Corolla yake ya mwaka 1992, rangi imepauka. Anashuka, anabonyeza rimoti, gari linalia pwii-pwii, na watu wote wanaangua kicheko. Eti mshamba huyo! Eti la kuvunda halina ubani, hela yote hiyo anaitupia mkweche ya nini?

Mimi nasema hicho ni kicheko cha watu wasiojua wanachokicheka. Kuukuu si kuvunda, na leo tuambiane bila kuoneana haya.

Kwanza, tuulizane magari haya yametoka wapi. Mengi tunayoyaona hapa Dar yalitua bandarini yakiwa yameshatumika Japani. Kenya wanakataa kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaliruhusu, ila mwenye nalo analipa kodi ya ziada ya uchakavu. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida anaponunua gari kuukuu, hakosei njia. Hiyo ndiyo njia yenyewe aliyoachiwa. Sasa akishalinunua, nani kampa mwenzetu mamlaka ya kuamua kwamba starehe ni ya gari jipya tu, na mwenye la zamani avumilie jasho mpaka kufa?

Pili, hicho mnachokiita starehe mara nyingi si starehe. Dada yangu ni muuguzi, anatoka kazini usiku. Kigari chake kilikuwa na vitasa vinne, kila mlango na wake. Akiingia, anafunga wa kwake, kisha anajinyoosha kama mcheza sarakasi ili afunge wa nyuma. Mnajua wenyewe foleni za jiji hili. Gari limesimama, mtu anafungua mlango wa nyuma, mkoba umekwenda! Magari mangapi yamechorwa namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa ili vibaka wasing'oe? Katika mji wa namna hiyo, kitufe kimoja kinachofunga milango yote minne si mbwembwe. Ni komeo la nyumba, bwana, na sijawahi kusikia mtu akichekwa kwa kutia komeo kwenye nyumba ya udongo.

Tatu, mnasema ni kujidai kwa vitu vya kisasa. Kisasa gani? Renault ya Ufaransa ilikwisha kuweka rimoti ya kufungulia milango kwenye gari lake la Fuego mwanzoni mwa miaka ya themanini. Yaani teknolojia yenyewe ni kongwe kuliko hiyo Corolla mnayoicheka! Na kazi yake haina uchawi. Fundi anavua kava la mlango, anafunga mota ndogo inayovuta na kusukuma kile kichuma cha kitasa. Ya mlango wa dereva huwa na nyaya 5, kwa sababu inatoa amri na kupokea. Za milango mingine huwa na nyaya 2 tu. Zote zinakwenda kwenye kisanduku kimoja chini ya dashibodi. Kijana aliyejifunza kazi hiyo chini ya mwembe, akaifanya ikatulia, anastahili heshima kuliko mimi na wewe tunaohangaikia vina.

Lakini nisieleweke vibaya. Sijaja hapa kumpigia debe kila anayeuza rimoti. Ninayemtetea ni mwenye gari, na mwenye gari anauziwa mbuzi kwenye gunia kila siku.

Kuna mafundi wanaochukua umeme moja kwa moja kwenye betri bila kuweka fyuzi. Wengine wanapitisha waya kwenye tundu la bati lililo karibu na bawaba, bila ule mpira wa kuukinga. Mlango unafunguliwa na kufungwa, bati linausugua waya siku baada ya siku, gamba linakatika, na hapo ni cheche. Mnaoshangaa gari la zamani kuwaka moto mnalaumu uzee wake, kumbe uzee hauna kosa, kosa ni la aliyeona fyuzi ni gharama.

Kuna rimoti za bei chee ambazo zinatuma namba ile ile kila unapobonyeza. Mtu mwenye kifaa cha kunasia mawimbi akiinasa mara moja tu, ana ufunguo wako. Rimoti ya maana hubadilisha namba kila mara. Uliza kabla hujatoa hela, na fundi asipojua jibu, aga uondoke.

Na kuna hili la kitufe cha kuwashia, ambalo ndilo linanitia homa. Vijana wanataka waingie garini ufunguo uko mfukoni, waguse kitufe, injini iitike. Nasema hapana! Gari la zamani lina kufuli la usukani linalofunguliwa na ufunguo wenyewe. Ili kitufe kifanye kazi, fundi hulilegeza au huling'oa kabisa. Yaani umelipa hela ili mwizi apunguziwe kazi. Hata wenye magari mapya hawajasalimika. Mwaka 2011 watafiti wa Zürich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari ya namna hiyo kutoka kwa watengenezaji 8. Walichofanya ni kurefusha mawimbi kati ya ufunguo na gari, kana kwamba mwenye ufunguo amesimama pale pale. Magari yote yalifunguka na kuwaka. Sasa wewe unakitamani kidonda cha tajiri?

Na kiyoyozi vile vile. Jiji hili lina joto la mvuke, kiyoyozi ni haki yako. Lakini magari mengi yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya tisini yalitumia gesi ya R12, ambayo dunia imeipiga marufuku kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Kuhamia R134a si kujaza tu kama unajaza upepo wa tairi. Oili ya kompresa inabadilishwa na mipira inakaguliwa. Anayekujazia tu na kukwambia "poa, braza" anakuaga na kompresa yako.

Najua watakaonijibu: breki kwanza, tairi kwanza, ndipo hayo mengine. Nakubali, tena kwa mikono miwili. Asiye na breki asinunue rimoti. Lakini mbona sentensi hiyo huambiwa mwenye gari kuukuu peke yake? Hakuna anayemsimamisha mwenye gari jipya na kumuuliza kama breki zake zinastahili muziki ule mkubwa. Hapo ndipo ninapojua kwamba hatujadili breki. Tunajadili nani anaruhusiwa kujipenda.

Kwa hiyo, washikaji wa kalamu, nawaomba jambo moja. Mkimwandika tena huyo jamaa wa Corolla, kwanza nendeni Gerezani mkasimame saa nzima mbele ya fundi. Jueni fyuzi inakaa wapi, mota inavutaje kitasa, nani anapunjwa na nani anapunja. Baada ya hapo, mkiona bado kuna cha kuchekwa, mcheke. Lakini mcheke tapeli aliyeuza rimoti mbovu, msimcheke aliyetaka kufika nyumbani salama. Jungu kuu halikosi ukoko, na anayeukwangua ukoko si mshamba. Ana njaa, na anajua chakula kilipo.