Ridhaa ya upasuaji isisubiri simu

Somalia ilipokamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 4, 2024, wafanyabiashara wa pwani walitarajia kuvuka mipaka kwa wepesi zaidi. Wengi wao ni waume, na baadhi huacha nyumbani wake wajawazito.

Nchini Somalia ni kawaida mwanamke anayehitaji upasuaji ili ajifungue kutopasuliwa mpaka mume au jamaa wa kiume aridhie. Mjamzito wa Koyama au Chovai akizidiwa hupelekwa Kismayo kwa mashua, na msimu wa kusi safari hiyo ni ya hatari. Akifika, huenda mume yuko Lamu au Mombasa na simu yake haipatikani. Mtoto aliyekwama na mama anayevuja damu hawawezi kungoja. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa Somalia hupoteza kina mama 692 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai.

Wanaokataa si wakatili. Wanahofia gharama, wanahofia mke hatazaa tena, au wanadhani daktari ana pupa ya kupasua. Hofu hizo zina majibu. Mwanamke aliyepasuliwa mara moja anaweza kuzaa tena, na wengi huzaa kwa njia ya kawaida wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Lakini maelezo hayo yanafaa kutolewa kliniki, mimba ikiwa bado changa, si usiku wa manane mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, mume aende kliniki na mkewe, wakubaliane, na neno lao liandikwe hospitalini. Aache nauli ya mashua, na watu wa kutoa damu wajulikane mapema.

Hata hivyo, wajibu mkubwa ni wa serikali. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inadai ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama kuoanisha sera zao za afya. Somalia ianzie hapa: neno la mama mwenye akili timamu litoshe.

Mfanyabiashara huandaa hati za mzigo kabla hajafika mpakani. Ridhaa ya kuokoa mkewe nayo iandaliwe kabla uchungu haujaanza.