Karanga ije kabla utepe haujawa mwekundu

Bunia – Wamama wengi wa kambi ya Kigonze wanalijua somo la uji kwa kichwa. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, bila hata maji. Kuanzia hapo apewe uji mzito wa unga uliochanganywa, majani, mafuta kidogo, na kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Limesomwa kwenye vituo vya afya, limesemwa kwenye redio, limerudiwa na wahamasishaji wanaopita hema kwa hema. Somo likiisha, mama anarudi nyumbani na kupika unga wa muhogo na maji. Sukari inaingia siku ikipatikana.

Wako watu mjini wanaoona hapo uzembe. Wanakosea. Wengi wa wamama hao wametoka Djugu, kwenye milima ambako mahindi, maharagi na viazi vilitoka shambani, siyo sokoni. Tangu vita viliporudi huko Desemba 2017, watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Aliyekuwa anachota maharagi kwenye gunia lake leo anahesabu franga mbele ya kopo, sokoni Bunia, na muhogo ndio unaojaza sufuria kwa bei ndogo. Anajua kabisa kwamba uji ule hautoshi. Anaupika kwa sababu mtoto analia.

Haya ndiyo maneno ya kusema wazi kuhusu uji wa muhogo mtupu. Gramu 100 za unga wa muhogo zina karibu gramu 2 tu za protini, ile inayojenga mwili. Mahindi yana 8 au 9, karanga kama 25, soja zaidi ya 35. Halafu kuna tumbo lenyewe. Tumbo la mtoto wa kilo 7 linabeba karibu mililita 210 kwa mara moja, yaani hata kikombe kikubwa cha chai halikimalizi. Uji mwepesi unaotiririka kwenye kijiko kama maji unalijaza haraka, mtoto ananyamaza, mama anadhani ameshiba. Sukari inaongeza nguvu kidogo, lakini haijengi nyama wala damu. Wiki zinapita hivyo, mpaka siku ya utepe.

Utepe huo unajulikana na kila mzazi wa kambini. Unazungushwa kwenye mkono wa mtoto: chini ya milimita 125 ni manjano, chini ya 115 ni nyekundu. Mtoto wa nyekundu anaandikishwa, na anapewa pakiti ya Plumpy'Nut, gramu 92, kalori 500. Ndani ya pakiti kuna nini? Karanga iliyosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Dawa hiyo ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 na imeokoa watoto wengi sana, hakuna wa kuisema vibaya. Lakini tazama njia ambayo karanga inapita kumfikia mtoto wa Kigonze: inamsubiri kwanza akonde. Mtoto ambaye mkono wake ni milimita 130 hana haki ya karanga hata moja. Akishuka, anaipata.

Hapo ndipo misaada inapaswa kugeuzwa. Karanga, soja au samaki wadogo wakavu wa Tchomia na Kasenyi wafike kwenye sufuria ya mama mtoto akiwa na miezi 6, mkono ukiwa bado mzima. Na haja ni kubwa zaidi sasa, kwa sababu pesa za nje haziaminiki tena. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kila mtu aliona jinsi mlango mmoja ukifungwa mbali unavyofunga milango mingi hapa.

Kupika uji wenyewe si kazi ya ajabu. Huko Kivu wanapika masoso, jina lililounganishwa kutoka mahindi, soja na sorgo. Bunia inaweza kufanya vilevile na kilicho sokoni: vikombe 3 vya mahindi kwa kikombe 1 cha soja au karanga. Soja ichemshwe na kukaushwa, au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa maana soja mbichi inazuia tumbo kutumia protini. Karanga zichaguliwe moja moja. Yenye ukungu au uchungu itupwe, sumu yake haitoki hata kwa kuchemsha. Zitwangwe mpaka ziwe unga au siagi, kwa sababu karanga nzima inaweza kumkaba mtoto. Samaki wakavu wasafishwe, watwangwe, kijiko kimoja kinatosha kwenye sahani. Uji ukiiva, tone la mawese na lengalenga lililopikwa na kupondwa. Asali isimguse mtoto kabla ya mwaka mmoja.

Na kuna ufundi mmoja ambao wafundishaji hawautaji sana, ingawa wapika pombe wa Ituri wanaujua tangu zamani: kimea. Mahindi au ulezi ukiloweshwa, ukaota siku mbili tatu, ukakaushwa, ukasuguliwa mizizi ikatoka na kusagwa, unga wake unalainisha uji mzito. Mama anapika uji mzito sana, anaepua, anauacha upoe kidogo, anatia kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Baada ya dakika kama kumi uji umekuwa laini bila kuongezwa maji. Anaurudisha motoni uchemke, basi. Chakula cha sahani mbili kimeingia kwenye tumbo dogo la sahani moja. Kinachopikwa kwa ajili ya kilabu kinaweza pia kumlea mtoto, na wazee wa kilabu hawatapungukiwa.

Lakini mtu asiorodheshe hayo yote halafu aende zake. Kila hatua ina bei. Mashini ya kusaga inadai franga, na kiasi kidogo kinakataliwa. Soja peke yake ina mafuta, inashika kwenye mashini, ndiyo sababu husagwa pamoja na mahindi. Makala yanauzwa. Kuni ni jambo baya zaidi: mwanamke anayetoka kambini kwenda kuokota kuni anahatarisha mwili na maisha yake. Kumwambia achemshe soja saa nzima bila kumwambia moto utatoka wapi ni kumtuma porini.

Serikali ina njia yake, chini ya programu ya taifa ya lishe, PRONANUT: wamama wa jirani wanakusanyika, wanapika pamoja kwa siku kadhaa, watoto wanakula hapohapo na kupimwa. Ni njia nzuri, moto mmoja unapikia watoto wengi. Ila ilijengwa kwa kijiji. Kila mama anatakiwa kuleta kitu kutoka shambani kwake, huyu unga, yule karanga, mwingine majani. Mhami ataleta nini? Jirani yake wa Mudzipela au Nyakasanza, anayelala na familia tatu za wakimbizi ndani ya nyumba moja, ataleta nini?

Kwa hiyo sufuria hiyo ijazwe na walio na uwezo. Mashirika ya kiutu yanayogawa unga yaongeze kopo la karanga au soja kwa kila nyumba yenye mtoto wa miezi 6 mpaka 23, na yanayogawa pesa yalipe pia mwenye mashini. Wakuu wa kambi watenge jiko moja la pamoja kwa kila bloku, lenye makala na maji. Familia za Bunia zinazopokea wahami zisisahauliwe kwenye orodha, maana wahami wengi wako kwao, siyo kwenye hema. Na baba akirudi na franga za kibarua, anunue samaki wakavu kabla ya kupita kwenye kilabu.

Kopo moja la karanga zilizotwangwa linaweza kumtosha mtoto mmoja siku nyingi, kijiko kwa kijiko, akila mara mbili au tatu kwa siku kama inavyotakiwa kwenye miezi ya kwanza ya uji. Linapatikana leo asubuhi kwenye soko kuu la Bunia.