Dari ya Duka ni Sakafu ya Nyumba: Maoni Kuhusu Ghorofa Zinazoongezwa Ukunda

Mji wa Ukunda unapanda. Kando ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga, na katika njia inayoteremka kuelekea ufuko wa Diani, majengo yaliyoanza yakiwa safu ya maduka tu sasa yanaongezwa nyumba za kupangisha juu yake. Juu ya mapaa mengine nondo zimeachwa zimesimama wima, zikashika kutu, ishara kwamba mwenye jengo hajafika mwisho wa safari yake. Makala haya yanadhamiria kutoa maoni kuhusu ujenzi wa aina hiyo. Msimamo wangu ni kwamba ujenzi huo una manufaa na unastahili kuungwa mkono; lakini hakuna ghorofa inayofaa kuongezwa mpaka waliomo chini waelezwe, kwa lugha wanayoielewa, jengo linaweza kubeba nini na kila mmoja ana haki gani ndani yake.

Haja ya makazi haina ubishi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 649,931 katika eneo la Kwale. Ile ya 2019 ilihesabu 866,820. Hilo ni ongezeko la thuluthi moja katika muda wa miaka kumi. Mhudumu wa hoteli, mwalimu, mwendeshaji bodaboda na mchuuzi wa samaki wote wanatafuta chumba karibu na riziki yao. Mji ukitanuka kwa upana, unameza mashamba ya minazi na miembe, na kuisogelea misitu ya kaya. Baadhi ya misitu hiyo, Kaya Kinondo ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mji ukipanda juu, hutumia barabara, umeme na mabomba yaliyokwishafika. Kwa mtazamo huo, anayejenga juu ya duka lake huinusuru ardhi ambayo vizazi vijavyo vitaihitaji.

Aidha, kulala juu na kuuza chini si mtindo mgeni katika mwambao wetu. Mitaa ya maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa ilijengwa hivyo: mlango wa biashara chini, maisha ya familia juu. Huko Lamu, familia zenye uwezo ziliweza kumwongezea binti aliyeolewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi. Hata hivyo, tusiuchukue mfano huo bila kuutazama vizuri. Nyumba zile zilisimama juu ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko. Ukuta wa juu uliukalia ukuta wa chini.

Duka la leo ni kinyume cha hayo. Duka hutaka uwazi: mlango mpana, nguzo chache na nyembamba, nafasi ya kupanga bidhaa. Nyumba hutaka kuta: za vyumba, za jiko, za bafu. Nyumba inapowekwa juu ya duka, kuta nyingi za juu hazikuti ukuta wowote chini yake; mzigo wote huangukia nguzo chache ambazo huenda zilikusudiwa kubeba paa la mabati tu. Hebu tufanye hesabu ndogo. Slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4, basi, kina zaidi ya tani 4 kwa sakafu peke yake, kabla ya kuta, vitanda na watu. Tangi la maji la lita 10,000 likijaa juu ya paa, hizo ni tani nyingine 10.

Pwani ina masharti yake zaidi ya hayo. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huila nondo. Vile vyuma vilivyoachwa nje kwa miaka mingi vikisubiri ghorofa ijayo si vile vilivyonunuliwa dukani. Mchanga wa ufukweni ukichanganywa katika zege bila kuoshwa, huipeleka chumvi hiyo ndani ya nguzo, mahali ambapo jicho halifiki. Halikadhalika, mwamba wa matumbawe ulio chini ya sehemu kubwa ya mwambao huu una mashimo; mapango ya Shimoni ni ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo swali la kwanza la anayetaka kuongeza ghorofa lisiwe "Nitapata kodi ya shilingi ngapi?" bali "Msingi huu ulichimbiwa ghorofa ngapi?"

Ulimwengu umekwisha kutoa mafunzo machungu. Mwaka 1995, duka kubwa la Sampoong mjini Seoul liliporomoka na kuua watu 502. Jengo hilo lilikuwa limekusudiwa kuwa la makazi, likageuzwa duka. Nguzo zikapunguzwa unene na ghorofa ya tano ikaongezwa. Mwaka 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililoongezwa ghorofa za juu bila idhini, liliua watu zaidi ya 1,100. Katika mkasa huo kuna jambo la kuzingatiwa. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Maduka na benki ya sehemu za chini zikafungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya juu wakaamriwa kurejea kazini. Habari ilikuwapo. Haikumlinda kila mtu kwa kiasi kimoja. Hapa kwetu Afrika Mashariki, jengo la maduka la Kariakoo, Dar es Salaam, liliporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kwamba ufa wa chini huzibwa kwa kujenga juu.

Suala la pili ni haki. Mwenye jengo anapoanza kazi, mpangaji wa duka huamkia vumbi, miti ya kuegemeza slabu iliyosimamishwa mbele ya mlango wake, na wateja wanaopita upande wa pili. Aghalabu hana mkataba wa maandishi, hivyo hudhani hana haki. Sivyo. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya humlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi: mwenye jengo anayetaka kumtoa au kubadilisha masharti ya upangaji wake lazima ampe ilani ya maandishi ya muda usiopungua miezi miwili, na mpangaji aweza kuipinga mbele ya baraza la upangaji wa majengo ya biashara. Kwa upande wa juu, sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo humruhusu mtu kuwa na hatimiliki ya nyumba yake ya ghorofani huku paa na ngazi vikiwa vya ushirika. Dari ya mmoja ni sakafu ya mwingine. Bomba la huyu likivuja, unga wa yule huharibika.

Sasa tujiulize: sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunahusikaje? Tunahusika kwa sababu maarifa haya yote yamefungiwa katika Kiingereza. Kanuni mpya za kitaifa za majengo, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za mwaka 1968, zimeandikwa kwa Kiingereza. Michoro, hali kadhalika. Ilhali anayefunga nondo, anayekoroga zege, anayeuza dukani na atakayelala juu wote huzungumza Kiswahili, au Kidigo na Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi usiofika kwenye mlango wa duka ni wa karatasi tu.

Watakuwapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Dai hilo halina mashiko. Fundi wa Msambweni ana msingi, nguzo, linta, ringi, slabu na kokoto. Neno boriti, lililokuwa la mti wa mkoko, limehamia kwenye zege bila kikao chochote cha wataalamu. Neno ghorofa lenyewe lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya chumba. Waswahili wakalipandisha likawa tabaka zima la nyumba. Lugha iliyoweza hayo haiwezi kushindwa kueleza uzito wa jengo lenyewe na uzito wa watakaolikaa.

Wengine watasema kwamba kumwita mhandisi ni gharama ambayo mwenye duka dogo haimudu. Ni kweli kwamba si rahisi. Lakini gharama hiyo hulipwa mara moja, na jibu la mhandisi si lazima liwe katazo. Huenda akashauri nguzo ziongezwe unene, au kuta za juu zijengwe kwa vitu vyepesi, au ghorofa iwe moja badala ya tatu.

Napendekeza, basi, jambo moja linalowezekana. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vyetu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Pwani, vishirikiane na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kuandaa waraka wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili sanifu kilicho chepesi. Waraka huo utaje idadi ya ghorofa ambazo msingi ulikusudiwa kubeba, jina la mhandisi aliyeukagua, nambari ya kibali, na hatima ya wapangaji wakati wa ujenzi. Kisha tuiombe Serikali ya Kaunti ya Kwale iutake ubandikwe mlangoni pa kila duka linaloongezwa nyumba juu yake, kabla ya tofali la kwanza kupandishwa. Muuzaji atausoma akisubiri wateja. Fundi atausoma akisubiri zege. Na atakayekuja kupanga chumba cha juu atajua amekalia nini.