Simba, Jezi ya Kaseja Inasubiri Nini?

Julai 25, 2021 Simba walitua mwisho wa reli, wakamchapa Yanga 1-0 pale Lake Tanganyika, wakabeba Kombe la FA. Juma Kaseja kazaliwa mji huo huo. Siku ya kustaafisha jezi yake ilikuwa ile, jamani!

Tusisahau 2003. Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwao Cairo, mechi ikaenda matuta. Golini dogo wa Kigoma. Zamalek nje! Mpaka leo Wanasimba wanatambia usiku ule.

Eti "si alienda Yanga huyo?" Ndiyo, tena mara mbili. Ya kwanza mkamrudisha wenyewe, mkamshangilia. Ya pili, 2013, ni Simba ndio hawakumpa mkataba mpya. Mlitaka akadake dagaa ziwani? Na huyo mliyemuona kaisha, 2019 alikuwa golini Stars ilipowatoa Burundi kwa matuta.

Maradona na Napoli waliachana vibaya zaidi, ila mwaka 2000 namba 10 yake ikastaafishwa. Simba nao wamalize bifu, watangaze wakiwa Kigoma, mwenyewe akiwepo uwanjani.