Sindano ya antibiotiki haiponyi homa ya nguruwe

Nguruwe akikataa chakula na masikio yake yakianza kugeuka mekundu, mfugaji wa Lubero mara nyingi hana wa kumwita. Anakwenda sokoni, ananunua chupa ya oksitetrasaiklini na kumdunga mnyama mwenyewe. Kesho yake nguruwe bado amelala, anaongeza dozi. Siku ya tatu anamwita mchinjaji kabla mnyama hajafa, maana hasara yote ataibeba nani?

Homa ya nguruwe ya Afrika huletwa na kirusi. Wataalamu waliieleza kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na mpaka leo haina dawa. Antibiotiki huua bakteria, virusi hazivigusi kabisa. Kideri cha kuku ni hivyo hivyo. Kwa hiyo pesa ya mfugaji imekwenda bure, na nyama imefika sokoni ikiwa bado na dawa ndani yake, bila zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye karatasi ya boksi. Karatasi yenyewe imeandikwa Kiingereza au Kifaransa, na msomaji wake anazungumza Kinande.

Hasara kubwa zaidi haionekani. Tumboni mwa nguruwe yule kulikuwa na bakteria wa kila aina. Dawa imewaua wadhaifu, wakabaki wale wanaoistahimili, nao wakazaana. Wanatoka na mbolea tunayomwaga kwenye kabichi na viazi, wanafika mtoni, wanakaa mikononi mwa mchinjaji. Siku mtu wa Butembo au Beni akilazwa na kidonda kilichooza, daktari anaweza kukuta dawa ya kawaida haifanyi kazi tena, maana dawa nyingi za mifugo na zetu ni za ukoo mmoja. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Wapo wanaotaka wauzaji wa dawa hizo wakamatwe. Mimi sioni hilo kama mwanzo mzuri. Ukifunga kibanda cha dawa na hakuna mganga wa mifugo, mfugaji atanunua kwa kujificha, na kwa bei ya juu. Tangu Kanyabayonga na Kirumba zitekwe na M23 mwezi wa sita 2024, kusini mwa Lubero watu wamekimbia na mifugo waliyoweza kuiswaga. Nani atawafuata huko na kipimo?

Kitu cha kuanzia ni chanjo. Kwa kideri ipo ile iitwayo I-2, tone moja jichoni mwa kuku, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, na jirani zetu Watanzania wanaitengeneza wenyewe. Kijiji kisicho na friji kinaweza kuitumia. Kwa nguruwe hakuna njia ya mkato: afungiwe bandani, asilishwe mabaki ya nyama ya nguruwe, na banda likiugua, mnyama asitolewe kwenda sokoni. Mfugaji atakubali hilo tu akilipwa kitu kidogo kwa mnyama aliyemzika. Bila hiyo fidia tutakuwa tunahubiri.

Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha tiba ya mifugo. Wanafunzi wake wangeweza kupelekwa sokoni siku ya soko, wawaeleze wafugaji kwa Kinande dawa ipi ni ya nini. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, magari na pesa vilifika hapa kwa wingi. Kwa kazi hii pikipiki chache na masanduku ya barafu vingetosha kuanza, na wizara yenye mifugo mikononi haiwezi kusema imeshindwa kuvipata.