Fedha ya Eskro ni Amana, Lakini Haihalalishi Riba



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeitwa Al-Amin na watu wa Makka hata kabla ya kupewa utume. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna jamaa wanaoishi Marekani. Wanapotaka kununua nyumba kwa mkopo, hukuta sharti la kulipia kila mwezi akaunti iitwayo eskro. Swali linalotufikia ni hili: je, fedha hiyo nayo ni riba? Jibu letu ni kwamba fedha hiyo ni amana, si riba. Lakini amana hiyo haiuhalalishi mkopo wenyewe. Tusichanganye mambo mawili.

Eskro ni nini?

Mwenye nyumba Marekani hudaiwa kodi ya nyumba kila mwaka, na mkopeshaji humtaka awe na bima. Tuseme kodi ni dola 3,600 na bima ni dola 1,200. Jumla ni dola 4,800 kwa mwaka, yaani dola 400 kwa mwezi. Mkopaji huzitoa pamoja na rejesho lake, zikawekwa kando, na siku ya malipo ikifika msimamizi wa mkopo huzilipa kwa niaba yake. Kama rejesho ni dola 1,100, kinachotoka mfukoni hasa ni dola 1,500.

Tofauti hiyo ya dola 400 iliwaponza wengi. Kabla ya msukosuko wa mwaka 2007 na 2008, mikopo mingi ya gharama kubwa ilinadiwa kwa rejesho tupu. Familia iliona inaimudu nyumba, kisha bili ya kodi ikaja na fedha hakuna. Wengine waliongeza deni juu ya deni, wengine wakapoteza nyumba.

Mwaka 2008 Benki Kuu ya Marekani ilitunga kanuni, ikaanza kutumika 2010. Kwa mkopo wa kwanza juu ya nyumba ya kuishi, gharama yake ya mwaka ikizidi kiwango cha wastani cha soko kwa pointi 1.5 au zaidi (2.5 kwa mikopo mikubwa sana), eskro ni lazima. Wapo wakopeshaji waliosamehewa, hasa wadogo wa vijijini. Mwanzoni muda ulikuwa angalau mwaka 1. Tangu 2013 ni angalau miaka 5. Hata baada ya hapo, mkopaji lazima aombe mwenyewe, deni liwe chini ya asilimia 80 ya thamani ya awali ya nyumba, na asiwe na malimbikizo. Sheria nyingine inamzuia anayeshika fedha hizo kulimbikiza akiba ya ziada inayozidi moja ya sita ya malipo ya mwaka. Katika mfano wetu, dola 800.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tuseme haki: hili ni jambo jema. Fedha ya mtu inawekwa kando, inahesabiwa kila mwaka, na ina kikomo. Sisi tunaosoma Sura An-Nisaa aya ya 58 juu ya kurejesha amana tulistahiki kuwa wa mbele. Lakini wapo miongoni mwetu wanaoshika fedha za msikiti, za mayatima au za safari ya Hija, wakazitia katika mtaji wa duka kwa kusema "nitarudisha". Huo si uaminifu, hata kama zitarudi.

Pili, tumtazame anayelengwa na kanuni hii. Ni yule anayetozwa zaidi, na mara nyingi ni kwa sababu hali yake ni dhaifu. Sheria imemwekea kasha la amana pembeni ya mzigo. Mzigo wenyewe haikuutua. Hukumu ya riba katika Sura Al-Baqara, aya ya 275 hadi 279, iko pale pale. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa rukhsa yenye masharti kwa Waislamu wa nchi za Magharibi, na wanazuoni wengi waliipinga. Sisi tunaona dharura ni paa la kujisitiri, wala si tamaa ya kumiliki. Mwenye uwezo wa kupanga hajafika huko.

Tatu, zipo taasisi Marekani zinazouza nyumba kwa musharaka. Hata huko kodi na bima havikwepeki. Basi kabla ya kutia saini uliza: jumla ya kila mwezi ni kiasi gani? Nani anashika fedha ya kodi na bima? Ikibaki ziada, itarudi lini?

Wazazi, wafundisheni vijana hesabu hii mapema, kabla hawajaahidiwa nyumba kwa bei isiyo kamili.

Wabillahi tawfiq.